Wanaosoma Bila Kuandika

Mtu akiandika jina la Mlali katika simu yake na kutafuta mtandaoni, hukutana na maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni makala fupi ya Wikipedia ya Kiswahili, mistari michache tu, kwamba Mlali ni kata ya Wilaya ya Kongwa katika Mkoa wa Dodoma, pamoja na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. (Iko Mlali nyingine, ya Mvomero mkoani Morogoro, nayo ina mistari yake.) Ya pili ni taarifa na makala za utafiti wa kilimo, ndefu, zenye majedwali na ramani, zinazoeleza udongo wa Mlali na vijiji jirani, uhaba wa mvua, na mavuno ya mahindi, mtama na mbaazi katika mashamba ya majaribio. Hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na watafiti wa mradi wa Africa RISING, ambao kwa takriban muongo mmoja uliwaleta Kongwa na wilaya jirani ya Kiteto wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, ICRISAT, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo na wa taasisi nyingine. Maandishi yote hayo ni kazi ya jumuiya za kitaaluma zinazokutana mtandaoni, na mengi yako wazi kwa yeyote mwenye bando, hayadai ada wala kitambulisho cha chuo. Na katika yote, mtu wa Mlali anatajwa zaidi kuliko anavyosema.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa haraka: watu wa vijijini hawasomi, na wachache wanaosoma hawachangii, simu zao ni za mpira na udaku. Maelezo hayo hayana haki, na yanafunga mjadala kabla haujaanza. Naona tumekuwa tukipima ushiriki kwa kipimo kisichofaa. Tunahesabu nani kaandika, kaandika mara ngapi, kamjibu nani. Lililo muhimu zaidi ni njia yenyewe: elimu inamfikiaje aliye pembezoni, na swali lake linawarudiaje walio katikati. Njia hiyo ikiwapo, msomaji asiyeandika neno mwaka mzima ni mshiriki kamili. Isipokuwapo, hata kundi lenye ujumbe mia kwa siku linazunguka palepale.

Tuanze na kimya chenyewe, maana si cha Mlali wala cha Tanzania peke yake. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo, na 1 ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi. Hayo ni makadirio, lakini yeyote aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wa chuo au la walimu wa wilaya atayatambua. Miaka michache kabla yake, Blair Nonnecke na Jenny Preece walikuwa wamewahesabu wasomaji wa kimya katika makundi ya majadiliano ya barua pepe, wakakuta tofauti kubwa. Katika makundi ya watu wanaosaidiana kuhusu maradhi, waliokaa kimya walikuwa takriban asilimia 46. Katika makundi ya kusaidiana kuhusu programu za kompyuta, walifika asilimia 82. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kama ukimya ungekuwa tabia ya mtu, ungelingana kila mahali. Mbele ya wagonjwa wenzake mtu ana la kusema, kwa sababu mwili wake mwenyewe umemfundisha. Mbele ya mafundi wa kompyuta huchukua jibu alilolifuata na kuondoka. Baadaye watafiti hao waliwauliza wanyamavu sababu zao. Wengi walijibu kwamba kusoma kunawatosha. Wengine walitaka kwanza kulijua kundi, wengine waliona wanalisaidia kwa kutorudia yaliyokwisha kusemwa, wengine walishindwa na mitambo, na wengine hawakulipenda kundi. Katika sababu hizo tano zilizoongoza, uvivu haumo.

Sababu ya pili, ya kutaka kulijua kundi kwanza, ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ndivyo kazi zote zinavyofunzwa kwetu. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola huko Liberia, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger wakawaweka katika kitabu ambacho wanaojadili jumuiya za kujifunza wanakitaja hadi leo. Kijana aliyepelekwa kwa fundi hakuanza kwa mkasi. Alianza mwishoni mwa nguo: kushona vifungo, kupiga pindo, kupiga pasi vazi lililokamilika. Baadaye alikaa kwenye cherehani kuunganisha vipande. Kukata kitambaa kulikuja mwisho, kwa sababu kosa la mkasi halirekebishiki na kitambaa ni mali ya mteja. Kwa hiyo miezi yote ile iliyoonekana ya kutumwatumwa, kijana alikuwa anashika nguo nzima mikononi, anaona kola inakaaje na mfuko unaangukia wapi, anamsikia mteja akilalamika. Alikuwa pembezoni, lakini pembezoni pa kazi halisi, na njia ya kwenda katikati ilikuwa wazi mbele yake. Yeyote aliyepita kibarazani kwa fundi wa Kibaigwa au Kongwa mjini amekwisha kumwona kijana huyo. Hakuna anayemwita mvivu kwa sababu hajakata suti.

Msomaji wa kimya katika jumuiya ya kitaaluma ni kijana wa vifungo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anayesomea nyumbani, akipitia majibu ya wenzake kabla ya kuthubutu kuuliza, anajifunza namna swali linavyoulizwa, ushahidi gani unakubaliwa, nani anapingwa na anapingwa vipi kwa adabu. Hiyo ni elimu ambayo mhadhara hauitoi. Ila mfano wa fundi una upande wa pili, na hapo ndipo wengi wanaoutaja huishia njiani. Kijana wa vifungo alikuwa na uhakika kwamba siku moja atapewa kitambaa. Msomaji wa Mlali hana uhakika huo. Hakuna aliyemwambia kwamba mlango upo, wala ukoje.

Kiswahili chenyewe kimewahi kuonja matokeo ya mlango unaofunguliwa kwa haraka na kufungwa kwa haraka. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000, nyingi zikiwa fupi kama ile ya Mlali. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki: andika makala za Kiswahili, ushinde kompyuta au simu. Mamia ya makala yakaongezeka katika wiki chache. Shindano lilipokwisha, wengi wa walioandika hawakuonekana tena, na kazi ya kusahihisha na kuendeleza makala zao ikabaki kwa kikosi kidogo kilekile cha wahariri wa kudumu. Siwalaumu wanafunzi. Walialikwa kwenye mashindano, nao wakashindana. Uhariri ni maisha mengine kabisa, ya kupitia kazi ya mtu usiyemjua, kumwachia ujumbe katika ukurasa wa Majadiliano, kubishana naye kuhusu chanzo, kurudi kesho kutazama amejibu nini. Zawadi hununua kurasa. Uanachama hukua polepole, kama kwa fundi.

Kuna mfano mwingine, wa hapahapa Tanzania, ulioweka mlango chini kabisa mpaka asiye msomi akauvuka. Katika mbuga ya Serengeti watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota walifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, kila moja ikipiga picha yenyewe mnyama anapopita. Picha zikawa nyingi kupita uwezo wa wanasayansi wachache kuzitazama. Desemba 2012 wakaziweka mtandaoni kupitia jukwaa la Zooniverse na kumwalika yeyote duniani. Kazi ilikuwa hivi. Unaletewa picha: majani makavu, kivuli cha mti, na pembeni kabisa ya fremu sehemu ya nyuma ya mnyama. Unaulizwa ni nani, kutoka orodha ya aina 48, wako wangapi, wamesimama, wamelala, wanakula au wanakwenda, je, yuko mtoto? Ukishajibu, unaletewa nyingine. Hujui wengine wamejibu nini, wala huwezi kuwaiga. Picha ileile inapelekwa kwa mtu mwingine, na mwingine. Watu watano wa kwanza wakisema hakuna kitu, inaondolewa. Kumi wakikubaliana kuhusu mnyama mmoja, inaondolewa. Wasipokubaliana, inaendelea kuzunguka hadi ifike watu 25, na kutokubaliana kwenyewe kunaandikwa, kwa sababu ni dalili kwamba picha ni ngumu. Katika awamu ya kwanza iliyochapishwa, watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, na wengine wapatao 40,000 wasiojiandikisha, walitoa majibu milioni 10.8 kuhusu mafungu milioni 1.2 ya picha. Yalipolinganishwa na majibu ya wataalamu, majibu ya pamoja yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Mwaka 2018 wanasayansi wa kompyuta wakaonyesha kwamba mashine iliyofunzwa kwa majibu hayo inaweza kuwatambua wanyama yenyewe. Mashine hiyo tunayoistaajabia ilisoma kwa watu waliokaa jioni majumbani mwao, bila mshahara, wakibofya nyumbu na swala.

Mfano huo unajibu pingamizi ambalo wasomi hulitoa mara nyingi: kwamba ukimfungulia kila mtu mlango, makosa yatafurika. Serengeti haikumwamini mtu mmoja mmoja. Iliamini mpangilio wa kazi. Kosa la mtu mmoja lilizama katika majibu ya wengine, na mashaka yalihifadhiwa badala ya kufichwa. Hata hivyo lazima nikiri mpaka wa mfano wenyewe. Kumtambua pundamilia katika picha si sawa na kueleza kwa nini mazao ya mwaka huu yamekauka. Na ushiriki ule, pamoja na ukubwa wake, ulikuwa wa kujibu tu: swali lilitungwa Minnesota, naye aliyebofya hakuulizwa kama liko swali lingine ambalo mbuga ile inalihitaji. Hilo ndilo ambalo jumuiya ya wasomi haiwezi kulipata kwa kubofya, nalo ndilo ghali zaidi likikosekana.

Wilaya ya Kongwa inalo somo lake la gharama hiyo, tena chini ya miguu ya watu wake. Mwaka 1946 Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ilimtuma John Wakefield na wenzake kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Walikaa wiki chache, wakatazama sehemu kubwa ya nchi kutoka angani, wakapendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3, mengi yakiwa Tanganyika. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 1947 walipanga kulima ekari 150,000. Walizofanikiwa kupanda zilikuwa kama 7,500. Mibuyu na vichaka viliyavunja matrekta, mvua ikawa haba, na udongo ule mwekundu wenye mfinyanzi, ukipigwa na jua baada ya mvua, ukawa mgumu kama saruji na kuzishika karanga ardhini zisiweze kung'olewa. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kula takriban pauni milioni 36.

Je, hakukuwa na elimu iliyoweza kuuzuia? Ilikuwapo, ila haikuwa katika maktaba. Wagogo, wenyeji wa eneo hili, huzipa njaa kubwa majina. Njaa ya miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, iliyoua watu wengi sana, wanaiita Mtunya. Mzee aliyezijua njaa za nchi yake kwa majina na kwa mpangilio alikuwa na kumbukumbu ya mvua ya miongo mingi, kumbukumbu ambayo Wakefield hakuwa nayo kwa sababu vipimo vya mvua vya Kongwa vilikuwa vichache na vya miaka michache. Mkulima aliyelima vipande vidogo, mbali mbali, mtama hapa na uwele pale, alikuwa ametoa maoni yake kuhusu udongo huo kwa jembe. Wataalamu waliona kilimo duni mahali palipokuwa na hoja. Hapakuwa na njia ya kuipeleka hoja ile mezani, wala hapakuwa na aliyedhani kwamba njia inahitajika.

Inawezekana mtu akajibu kwamba hayo yalikuwa ya ukoloni, na leo simu imeondoa ukuta. Natamani ingekuwa hivyo, lakini kisa cha sumu moja ya ukungu kinaonyesha vingine. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula chenye unga wa karanga zilizoota ukungu, na kutokana na vifo hivyo wanasayansi wakaigundua sumu ambayo sasa tunaiita sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo, safari hii katika mahindi, iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka uliofuata uchunguzi wake ulichapishwa katika jarida ambalo yeyote anaweza kulisoma bure: mahindi yalivunwa na kuhifadhiwa yakiwa hayajakauka vizuri, ukungu ukapata nafasi. Mwaka 2016 ugonjwa uleule ukazuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na takriban watu 20 wakafariki. Miaka 12 ilikuwa imepita. Maandishi yalikuwa wazi, bure, umbali wa kubofya mara chache. Yalikuwa kwa Kiingereza, katika lugha ya maabara, yakisomwa na wale waliokwisha kuyajua. Kati ya jarida lile na turubai la kuanikia mahindi la mama wa kijijini palikosekana msomaji wa kati, mtu wa kulisoma upande huu na kulisema upande ule. Ndiyo maana sikubali kumdharau anayesoma bila kuandika. Mwalimu mmoja, au afisa ugani mmoja, aliyesoma makala ile kimya kimya na kuiongelea kwenye shamba darasa, angekuwa ameshiriki katika sayansi kuliko wengi waliotajwa katika orodha za marejeo.

Wasomaji wa kati hao tunao tayari. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambayo sehemu yake iko katika mfumo wa kujifunzia mtandaoni na sehemu yake iko shuleni kwenyewe, katika kile kinachoitwa Jumuiya ya Kujifunza. Tuichukue shule ya msingi ya kijijini yenye walimu wanane. Wawili wana simu janja zinazofanya kazi vizuri. Mmoja ana bando wiki hii. Huyo hupakua moduli, tuseme ya kufundisha kuhesabu kwa watoto wa darasa la kwanza, na siku ya kukutana huisoma kwa sauti katika ofisi ya walimu. Mwenzake anakatiza: vizibo vya soda vilivyopendekezwa havipatikani hapa, tutatumia mbegu za ubuyu. Wanabishana kama mtoto anayezungumza Kigogo nyumbani aruhusiwe kuhesabu kwanza kwa Kigogo. Wanakubaliana kujaribu, na wiki ijayo wanarudishiana taarifa. Mashine kule Dar es Salaam imeandika nini kuhusu kikao hicho? Akaunti moja iliingia, ikapakua faili moja, ikatoka. Kwa hesabu ya Nielsen huyo ni msomaji wa kimya. Kwa macho ya mtu aliyeketi ofisini, walimu wanane wameshiriki katika mjadala wa kitaaluma, na wamezalisha maarifa mawili mapya, ya mbegu za ubuyu na ya Kigogo.

Hapa ndipo kipimo cha kawaida kinapotudanganya zaidi katika nchi kama yetu. Kinadhani mtumiaji ni mtu mmoja na simu moja. Kwetu simu ina watu, kama redio ilivyokuwa na watu. Bando la mmoja linawasomesha wengi, na kimya cha akaunti kinaweza kufunika mazungumzo marefu chini ya mti. Anayelalamika kwamba mtandao ni haba na vocha ni ghali analalamika kwa haki, na gharama hiyo inapaswa kupunguzwa. Lakini uhaba huo haujazuia usomaji wa pamoja. Unachozuia ni safari ya kurudi. Yale maarifa mawili yanabaki ofisini. Hayapandi kwenye mfumo, hayamfikii mtunzi wa moduli, na mwakani moduli itataja vizibo vilevile kwa shule zote.

Kwa nini hayapandi? Bando ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni heshima, na hili linahitaji kusemwa kwa upole. Katika kundi la WhatsApp lenye Afisa Elimu Kata, mthibiti ubora na mhadhiri wa chuo, mwalimu wa mwaka wa pili kazini haandiki kwamba pendekezo la wakubwa halitekelezeki. Anaweka emoji ya mikono iliyounganishwa na kuandika "tumepokea". Si woga wa kijinga. Anajua ujumbe wa kundini hauwezi kusindikizwa na uso wala sauti, na maneno ambayo ana kwa ana yangepita kwa "samahani mkuu, naomba kuuliza" yanaweza kusomeka kama ukaidi. Wanaosema kwamba heshima inaua elimu wanasahau kwamba heshima hiyohiyo ina taratibu zake za kubeba swali gumu: hupelekwa kwa mshenga, au husemwa kwa niaba ya wengi. Jumuiya ya Kujifunza ya shule inaweza kuwa mshenga huyo. Swali likiandikwa kama la kikao, "walimu wa shule yetu wanauliza", hakuna shingo ya mtu mmoja iliyojitokeza. Waendeshaji wa mifumo wakiweka nafasi ya swali la kikundi, watapokea zaidi kuliko wakiendelea kumhimiza kila mtu ajitokeze kwa jina lake.

Linabaki pingamizi la watafiti wenyewe, nalo lina uzito: wana kazi, wana ripoti za wafadhili, hawawezi kujibu kila mkulima mwenye maoni. Ni kweli. Ila kuna tofauti kati ya ushuhuda na hukumu, na jumuiya nzuri ya kitaaluma huvitenganisha. Kama mbinu fulani inaongeza mavuno, hukumu hiyo ibaki kwenye vipimo na kwa wahakiki wa jarida. Kama mvua ilinyesha lini upande wa pili wa kilima, na nani aliyeacha mbinu na kwa sababu gani, shahidi mkuu ni mwenyeji. Chukua matuta yaliyofungwa, ambayo watafiti wameyajaribu Kongwa: mkulima hujenga matuta na kuyaziba kwa vituta vidogo vya kukatiza, ili maji ya mvua chache yatulie shambani badala ya kukimbilia korongoni. Yanafaa; shamba lenyewe linaonyesha. Lakini jedwali huhesabu tani kwa hekta, na mwanamke wa Mlali anahesabu siku za jembe, katika wiki zilezile ambazo mvua imeanza na mtoto ana homa. Anapoyaacha matuta mwaka wa pili, kwenye karatasi huenda akaandikwa kuwa hakuipokea teknolojia. Yeye ana sababu yake, na sababu hiyo ni data.

Wengi hawajui kwamba mlango wa kuipeleka sababu hiyo umeandikwa katika karibu kila makala ya utafiti, kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya majina au mwisho wa ukurasa: anwani ya barua pepe ya mwandishi anayepokea maswali. Imewekwa hapo kwa kazi hiyohiyo. Haidai shahada, na watafiti wengi waliofanya kazi Kongwa wanasoma Kiswahili vizuri kama mtu yeyote. Makala ya Wikipedia nayo ina maneno mawili juu yake, Hariri na Majadiliano, na hayaulizi unaishi wapi. Jioni moja, katika ofisi ya walimu au kwenye mkutano wa shamba darasa, kundi la watu wa Mlali linaweza kuifungua makala iliyoandikwa kuhusu udongo wao, kumwomba anayejua Kiingereza aisome kwa Kiswahili, kisha kuandika: Sisi ni wakulima wa Mlali, tumeyasoma majibu yenu kuhusu matuta. Tunaomba kuuliza, siku za jembe mlizihesabu?